Nimeombwa nisimwambie mume wangu, na safari ya Ulaya imekaribia

Assalaam aleikum dada yangu,

Mimi ni mama wa makamo, mkazi wa Tanga. Mume wangu amestaafu kazi ya bandari na watoto wetu wote wanajitegemea. Tulipooana hatukupata fungate. Hina haijafutika mikononi mwangu, mwenzangu alikuwa ameshaitwa zamu. Akaniahidi kwamba siku akishika kiinua mgongo chake atanitembeza, mimi na yeye tu, mpaka nichoke mwenyewe. Nilidhani ataishia kunipeleka Unguja au Mombasa. Kumbe alikuwa na yake moyoni: Hamburg, Amsterdam, Brussels na Paris, mwezi wa Septemba. Viza tumepata na tiketi zimeshalipwa. Na pesa si za kwake peke yake, nami nimetia fungu langu la kikoba na akiba ya cherehani.

Dada, furaha niliyokuwa nayo imeingia doa.

Mume wangu ana kauntabuku la safari. Kila mji una ukurasa wake, na kila ukurasa una majina ya watu na namba za simu. Hamburg yuko rafiki yake waliyekulia pamoja Ngamiani, aliyekwenda Ujerumani miaka ya tisini. Brussels yuko Mkongo wa Bukavu, zamani walikuwa wote kwenye kazi za mizigo. Paris ni mtoto wa jirani yetu, tena si Paris yenyewe, ni mji wa pembeni. Amsterdam tutafikia kwa shoga yangu niliyesoma naye sekondari; huko sina wasiwasi, yule ni kama dada yangu. Nimelifungua daftari lile kurasa zote. Hakuna jengo, hakuna mto, hakuna hata soko. Siku moja mwenyewe hayupo nilichukua penseli nikaandika chini ya ukurasa wa Paris: mnara wa Eiffel. Hajalisemea neno hadi leo.

Hilo ningelimeza. Lakini mwezi uliopita mke wa yule rafiki wa Hamburg, ambaye mimi humwita wifi, alinipigia simu alfajiri akitoka kazini. Anafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Akanieleza, na sauti imemchoka, kwamba nyumba yao ni vyumba viwili na sebule, chumba kimoja cha mtoto ambaye mwaka huu ana mitihani. Wageni hulala sebuleni kwenye kochi la kukunjua. Yeye hulala mchana, na wageni waliopita walikuwa wakishinda hapo hapo sebuleni, televisheni imewashwa na simu za nyumbani zinapigwa kwa sauti ya juu, yeye kajifunika mto kichwani. Akaniambia: "Wifi, nawapenda, njooni. Lakini siku zote hizo siziwezi. Tafadhali usimwambie mumeo, maana atamwambia mume wangu, na mume wangu ataona nimemwaibisha."

Sisi tumepanga kukaa kwao zaidi ya wiki. Na huyo shemeji, mume wa wifi, ndiye aliyetuandikia barua ya dhamana ya viza.

Nilijaribu kwa mbali. Tukiwa mezani nikasema, baba watoto, tukipata hoteli ndogo siku mbili tatu itakuwaje? Akaweka kijiko chini. "Nikalale hotelini na ndugu yangu yupo mjini? Nitamtazama kwa jicho gani? Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akaongeza kwamba hoteli ni kitanda tu, mtu ndiye anayekuonyesha mji. Tangu siku hiyo amezidi kuagiza zawadi: ng'onda, dagaa, nazi, samli ya Handeni, machungwa ya Muheza. Nami kila nikiliona begi linajaa, namwona wifi na ule mto wake kichwani.

Nikimwambia mume wangu, nimevunja amana ya mwanamke mwenzangu. Nikinyamaza, nakwenda kumlemea kwa macho yangu makavu. Na fungate yangu nayo naiona inageuka safari ya kuhesabu makochi ya watu. Nifanyeje?

Mke wa Mstaafu, Tanga

---

Waaleikum salaam dada yangu,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake kuna mambo matatu yamefungwa kitanzi kimoja. Kuna ahadi ya tangu siku za hina, ambayo wewe hukuisahau hata siku moja. Kuna siri uliyobebeshwa bila kuiomba. Na kuna heshima ya mume wako mbele ya mtu aliyekula naye sahani moja utotoni. Ukiyavuta yote kwa pamoja, kitanzi kitazidi kukaza. Hebu tulegeze uzi mmoja mmoja.

Nianze na wifi, kwa kuwa ndiye anayekukosesha usingizi. Soma tena maneno yake kama ulivyoniandikia. Alisema njooni, kisha akasema siku zote hizo siziwezi. Wewe umelishika la pili peke yake. Mimi nikisoma maelezo yake naona mzigo mkubwa uko kwenye saa za mchana. Anarudi asubuhi mwili umevunjika, anataka kulala, na sebule ina watu. Pengine nyumba ikiwa kimya tangu anaporudi mpaka alasiri, nusu ya mzigo imeondoka. Pengine siyo, pengine hata kuona mabegi ya watu ukumbini kunamchosha, au kupika. Hatujui, na sioni kama ulimuuliza. Alikupigia akiwa amechoka, nawe ukaishika simu kwa huruma na mshtuko. Kumrudia siku yake ya mapumziko ukamuuliza, "Wifi, kitu gani hasa kitakusaidia?" si kuvunja siri. Tena katika mazungumzo hayo unaweza kumwomba ruhusa: je, kuna sehemu ya maneno yake ambayo ungeweza kuyafikisha kwa mumeo kwa njia isiyomgusa? Hatari yake ni kwamba ataingiwa na haya, aseme basi wifi, yameisha, njooni tu. Ukisikia hivyo usiamini haraka.

Kumweleza mume wako kila kitu nako kuna uzito wake, na sitakuficha. Ninyi mko pamoja miaka mingi, na siri ya aina hii ndani ya nyumba huchacha. Akija kugundua mkiwa Hamburg kwamba ulijua kabla, ataona wanawake wawili mlikaa mkampangia. Lakini lipo jambo moja ambalo wewe tu ndiye unayelijua: je, mume wako anaweza kulipokea neno hilo na kulizika? Rafiki wa Ngamiani ni rafiki wa Ngamiani. Akimpigia simu na kusema, "Ndugu yangu, nasikia tutawasumbua," kwa nia njema kabisa, moto umewaka. Ninyi mtapanda ndege mrudi Tanga. Wifi atabaki na mumewe kwenye vyumba vile viwili.

Kuna njia ya katikati ambayo haigusi siri ya mtu. Shemeji mwenyewe anafanya kazi. Ulaya likizo ya mwaka huhesabiwa siku kwa siku, na wengi huigawa mapema sana. Mume wako akimuuliza swali la kawaida la mgeni, "Wewe na mkeo mtakuwa kazini saa ngapi na siku zipi, ili tujue namna ya kujipanga?", majibu yatatoka kinywani mwa mwenye nyumba. Hapo mumeo atasikia kwa masikio yake kwamba mke wa rafiki yake ni mtu wa zamu ya usiku. Na huenda shemeji akajibu kama tujibuvyo sisi watu wa pwani, msijali, njooni tu, tutajibana. Lakini angalau swali litakuwa limeshaulizwa, na mume wako si mtoto, ataliwaza.

Sasa nikuulize kuhusu lile kauntabuku, maana naliona limekuuma kuliko ulivyotaka kusema. Umelisoma ukaona wewe humo haupo. Nakuelewa, mtu aliyeahidiwa "mimi na wewe tu" akifungua kurasa akakuta namba za simu za watu, lazima roho imuume. Ila mwangalie na mwenye daftari. Mtu aliyezoea bandarini kujulikana kwa jina tangu getini, leo amestaafu, na anakwenda kwenye miji ambako hawezi kusoma kibao cha kituo cha treni. Aliposema mtu ndiye anayekuonyesha mji, wewe ulisikia ubishi. Mimi nilisikia na woga kidogo. Wanaume wa umri wake hawasemi naogopa kupotea nikiwa na mke wangu. Wanasema ndugu yangu yupo, kwa nini nikalale hotelini. Nakisia tu, wewe ndiye unayemjua. Na yale maneno ya penseli hukumwonyesha kwa mdomo. Je, amewahi kukusikia ukisema waziwazi, "Nataka fungate yangu"? Katika barua yote, yeye umemwambia hoteli tu. Neno fungate umeniambia mimi.

Ikiwa woga ndio shina, dawa yake si kugombania kitanda. Ni kumpa sehemu ya mji ambayo ataielewa bila mkalimani. Na katika miji yote duniani, Hamburg ni mji wa mtu wa bandari! Pale kwenye gati za Landungsbrücken, kando ya mto Elbe, kuna njia ya chini ya mto iliyofunguliwa mwaka 1911. Unashuka kwa lifti au ngazi, unatembea chini ya maji zaidi ya mita 400, unatokea ng'ambo unaugeukia mji wote. Anayekwenda kwa miguu halipi kitu. Hapo hapo kuna kivuko namba 62 kinachokwenda mtaa wa Finkenwerder, na tiketi ya kawaida ya basi na treni za mji inatosha, hamhitaji boti ya watalii. Mtapita mkitazama makontena na winchi, naye atakueleza kila kitu, na kwa mara ya kwanza safari hii yeye ndiye atakayekuwa mwenyeji. Kisha kuna Speicherstadt, yale maghala ya matofali mekundu yaliyojengwa juu ya mifereji, yaliyokuwa yakihifadhi kahawa, chai na viungo. UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2015. Mtu aliyeona magunia ya kahawa yakiondoka Tanga atasimama pale muda mrefu. Na Jumapili, siku ambayo maduka ya Ujerumani karibu yote hufungwa na nyumba ya wifi itajaa watu, kuna soko la samaki la alfajiri, Fischmarkt. Kwa Septemba hufunguliwa saa kumi na moja na kufungwa saa tatu na nusu asubuhi. Mkitoka kuswali mnakwenda.

Unaona ninakoelekea. Siku za namna hiyo zinampa wifi nyumba yake mchana, na zinakupa wewe mume wako. Lakini sitaki nikupake mafuta: mtarudi jioni mmechoka, na kochi la kukunjua ni lile lile. Mkikaa wiki na zaidi, haitoshi kutoka mchana tu. Sauti nazo zina sheria. Kule saa nne usiku mpaka alfajiri ni muda wa utulivu, na jirani wa chini ana haki ya kulalamika. Mlango, bomba, sauti ya simu ya kutoka nyumbani, vyote vinasikika.

Wazo lako la hoteli lina sura zaidi ya moja. Si lazima iwe hoteli au nyumbani kwa ndugu. Wako wanaofikia kwa mwenyeji siku za mwanzo, wakala, wakatoa zawadi, wakazungumza mpaka koo likakauka, kisha wakahamia chumba jirani na kurudi kwa chakula cha jioni siku mwenyeji akiwa na nafasi. Kwa namna hiyo mumeo hajamkimbia ndugu yake. Lakini kuna mambo ya karatasi lazima myajue kabla ya kugusa ratiba. Ombi la viza ya Schengen, ile viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, hupelekwa kwa nchi ambayo wasafiri watakaa siku nyingi zaidi, na kwa jinsi ulivyoeleza, kwenu naona ni Ujerumani. Kuhama kutoka kwa shemeji kwenda hotelini mkiwa ndani ya Hamburg hakubadilishi hilo, ila muwe na uthibitisho wa mahali mtakapolala, maana mpakani mnaweza kuulizwa. Kukata siku za Hamburg mkazihamishia Paris ni jambo jingine, na nisingekushauri uliguse kimyakimya bila kuuliza ubalozi uliowapa viza.

Na ile barua ya dhamana si karatasi ya adabu tu. Kwa kawaida Ujerumani mwenyeji huenda ofisi ya wageni na hati za mshahara, anasaini kwamba gharama zenu, matibabu yakiwemo, ziko juu yake endapo ninyi hamtaweza. Shemeji amewawekea shingo. Ndiyo maana nadhani mume wako anaona kulala kwingine ni kukosa shukrani, na hapo sina la kumlaumu. Shukrani hiyo mnaweza kuionyesha kwa njia nyingine ambazo pengine hajazifikiria. Ya kwanza ni bima ya safari. Sheria inataka isiyopungua euro 30,000, nanyi mhakikishe imeanza siku ya kuingia na haiishi kabla ya siku ya kutoka. Kama mmoja wenu ana presha au sukari, dawa ziwe kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari. Mgeni anayeugua bila bima humtia mwenyeji kwenye deni.

Ya pili ni lile begi. Dagaa na ng'onda wapakie, samaki wa matumizi binafsi wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, ila wafunge mara tatu, usisahau harufu kwenye sebule ya watu. Nazi nayo haina tatizo. Samli ya Handeni itachukuliwa uwanja wa ndege, kwa kuwa bidhaa za maziwa na nyama kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haziingii kwa abiria. Machungwa ya Muheza yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Mwambie mumeo mapema, asije akaona uchungu mbele ya watu wa forodha. Na katika yote mnayompelekea wifi, labda zawadi kubwa ni jikoni: siku moja au mbili mkapike ninyi, mkafue mashuka ninyi, yeye akute chakula.

Kuhusu Paris. Mtoto wa jirani anastahili kusalimiwa, lakini hana uzito wa rafiki wa Ngamiani, na mume wako analijua hilo. Kumwomba zile siku za Paris ziwe zenu wawili kunaweza kuwa kwepesi kuliko kushindana naye juu ya Hamburg. Kutoka Brussels kwa treni ya kasi ni chini ya saa moja na nusu, kwa hiyo hata Mkongo wenu hatakosa siku zake. Kanisa la Notre-Dame lililoungua mwaka 2019 lilifunguliwa tena Desemba 2024, na kuingia ni bure. Jumba la makumbusho la Louvre hufungwa Jumanne, msije mkapotezea siku mlangoni. Mnara wa Eiffel huna haja ya kuupanda ili uufurahie: giza likishaingia, kila saa inapotimia taa zake humeremeta dakika tano, nanyi mnaweza kukaa chini ya miti na kuutazama. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba vyumba Paris ni ghali, na ukipata Paris bila kuzungumza, jambo la wifi bado litakuwa limelala pale pale. Amsterdam pia vyumba si mchezo, tangu 2024 kodi ya utalii ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba.

Nimefika Amsterdam, na hapa nina neno ambalo nakuomba ulipokee kama linavyotoka, kwa upendo. Umeniandikia kwa kirefu habari za Hamburg. Habari za shoga yako umezimaliza kwa sentensi moja: huko sina wasiwasi, ni kama dada yangu. Mume wako naye akiulizwa kuhusu Ngamiani angejibu hivyo hivyo, neno kwa neno. Hukunieleza shoga yako ana vyumba vingapi, anaingia kazini saa ngapi, wala anaishi na nani. Huenda ana nafasi tele na amewakumbuka mpaka machozi. Huenda naye amempigia mtu simu alfajiri, kama wifi.

Kwake huna siri ya kulinda na huna heshima ya mwanamume ya kuzunguka. Unaweza kumpigia wiki hii, mume wako akiwa ameketi hapo hapo na simu mmeiweka spika, ukamuuliza kila kitu ambacho ungependa mwenzako amuulize shemeji: unarudi saa ngapi, tulale wapi, siku ngapi hazitakuchosha, tutoke saa ngapi asubuhi. Mwache mumeo asikilize tu, usimgeukie. Majibu yakija, utamsikia atasema nini baada ya simu kukatika, na hapo utajua kama mlango wa kuzungumzia Hamburg umefunguka au bado.